Mlango wa Nyuma wa Chumba cha Presha

Mlipokuja kuniomba niandike machache ya kuwafaa wanaoingia kazini, mlikuwa wanne wa mradi mpya, nyote mmevaa fulana za kijani zilizoandikwa ONGEA, TUNASIKILIZA. Maandishi yenyewe yako mgongoni, kwa hiyo kijana huyasoma wakati mnaondoka. Siku hiyo sikusema kitu kwa sababu mlikuwa mmeniletea keki. Keki imekwisha, sasa nasema.

Nilikuja Isiolo ugatuzi ukiwa bado mpya, wakati kila ofisi ilikuwa inabadilisha bango na hakuna aliyejua karatasi apeleke wapi. Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa wodi ya akina mama huko Meru. Mambo ya afya ya akili niliyasomea nikiwa na mvi tayari, nikapita vizuri, na kupita vizuri kukaniharibu. Nilishuka hapa na cheti ndani ya bahasha ya plastiki, nikidhani mji mzima ulikuwa umekaa ukinisubiri.

Siku ya kwanza hospitalini nilipelekwa kwa Mzee Halake. Alikuwa Mborana mrefu, mkimya, aliyebakisha miaka michache astaafu. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo nyuma ya chumba cha sindano, na mlangoni paliandikwa PRESHA kwa chaki. Nilimuuliza idara ya afya ya akili iko wapi. Akaniambia, "Umeikalia." Nilikuwa nimekalia kiti cha wagonjwa.

Chumba kile kilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitokea kwenye ukumbi, mahali wazee wanapopanga foleni. Wa nyuma ulitokea kwenye tangi la maji, kule shuka za wodi zinapoanikwa, na mtu aliweza kuingia na kutoka bila kuonekana na yeyote isipokuwa shuka. Nilidhani ni kasoro ya ujenzi. Nikapendekeza uzibwe ili nipate mahali pa kuweka kabati.

Nilikuja na fomu ya maswali. Je, siku hizi unahisi huzuni? Je, umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Vijana walijibu hapana, hapana, hapana, huku wakiangalia mlango. Kulikuwa na kijana mmoja wa Chechelesi, mamake alimleta kwa sababu hakuwa ametoka nyumbani tangu Ramadhani iishe, wala kuoga. Nilipomsomea fomu yangu akasema, "Sista, mimi niko fiti. Ni mathe tu anajipea stress." Kwa mujibu wa fomu zangu za wiki ile, Isiolo ulikuwa mji wenye furaha kuliko yote Kenya. Nilizitoboa matundu, nikazipanga kwenye faili.

Mzee Halake hakunicheka, jambo ambalo lilinikera zaidi. Alimwita yule kijana arudi, akamwambia ameona rangi ya macho yake si nzuri, wacha ampime presha. Mashine yake ilikuwa ile ya zamani: unafunga kitambaa mkononi, unabonyeza mpira, unatazama mshale ukishuka, na stethoskopu iko masikioni mwako. Alipima polepole kama mtu asiye na mgonjwa mwingine. Hewa ikaisha. Mimi nikasubiri avue vile vidude vya masikio. Hakuvua. Alibaki ameushika mkono wa kijana, anaangalia mshale uliokwisha kulala.

Kijana akasema, kwa sauti ndogo, "Hizo ng'ombe zilikufa nikiwa nazo mimi. Baba hajawahi niuliza. Heri angeuliza."

Mzee akavua stethoskopu, akasema, "Nimesikia."

Kijana akalia hadi kitambaa cha presha kikalowa.

Kazi yangu yote nilijifunza siku ile, mengine yalikuwa semina. Hapa kwetu hakuna kijana atakayeingia mahali kueleza yaliyo moyoni. Ataonekana na shangazi, shangazi atamwambia jirani, na kabla ya swala ya alasiri mtaa mzima wa Bulla Pesa utajua mtoto wa fulani amerukwa na akili. Lakini presha haina aibu. Presha ni ugonjwa wa watu wazima wenye majukumu. Kijana akisema anaenda kupimwa presha, watu humpa pole na kumnunulia soda. Mzee Halake alikuwa ameifahamu siri hiyo miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuiandikia mradi. Na alijua lile la masikio: mtu husema ukweli akidhani humsikii vizuri. Ukimkodolea macho na kutikisa kichwa, kama mlivyofundishwa kwenye semina kule hotelini, hukupa jibu linalofanana na uso wako.

Kabati langu nililiweka kwingine.

Mzee alistaafu, akaenda kukaa kwake Chechelesi, akaniachia mashine. Haikupita muda mradi ukafika. Mradi ulikuja na magari mawili na maneno mengi, na jambo la kwanza uliloona ni kwamba vijana wa Isiolo hawana mahali rafiki pa kuzungumza. Wakajenga chumba. Ukutani wakachora kichwa cha binadamu kinachoota maua. Mlango wakauelekeza hasa kwenye benchi la kliniki ya watoto, pale kila mama wa mji huu hukaa asubuhi akisubiri mtoto apimwe uzito, hana la kufanya ila kuangalia nani anaingia wapi. Juu ya mlango wakaandika kwa herufi kubwa kuliko za hospitali yenyewe: KITUO CHA AFYA YA AKILI YA VIJANA. Ndani hakukuwa na viti. Kulikuwa na mifuko mikubwa iliyojaa vipande vya sponji, ati vijana hupenda kuketi chini. Msichana aliyevaa dera akiketi humo, kumwinua ni kazi ya watu wawili. Kitabu cha wageni kilijaa upesi, na kweli wote walioandikwa humo walikuwa wageni.

Vijana wetu walikipita chumba kile wakitazama mbele kama askari kwenye gwaride, wakazunguka nyuma kwa tangi, wakaingia kwangu kupimwa presha.

Ndivyo alivyokuja Talaso. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu, anaishi na shangazi yake katika ploti ya kukodi huko Bulla Pesa, kwao ni Kinna. Shangazi mtu, mwanamke mfupi wa maneno machache, aliuza nguo za mitumba na hakuwa mtu wa kupoteza asubuhi. Alimleta kwa mlango wa nyuma akasema, "Salaam aleikum, Sista. Huyu mtoto halali. Kitabu anashika juu chini. Pima hiyo presha yako."

Kumbe walijua! Mama huyo alijua vizuri mimi ni nani na presha yangu ni presha gani. Wengi walijua. Walinyamaza tu, na kule kunyamaza ndiko kulikokuwa kazi yao katika matibabu, na waliifanya bila kufundishwa.

Talaso alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika sekondari, na kila mtu alikuwa amemwekea jambo lake kichwani: huyu atakuwa daktari, huyu atatujengea, huyu atasomesha wadogo. Nilimpima mara tatu, wiki tatu, akizungumzia chakula cha shule na wadudu wa mchele. Mara ya nne hewa iliisha, nikabaki na stethoskopu masikioni, naye akauambia mkono wake, "Kila asubuhi nikiamka naskia vibaya vile nimeamka."

Nikavua. Nikasema nimesikia. Nilimuuliza moja kwa moja kama anafikiria kufa, kwa sababu hilo huulizwa waziwazi, na anayewaambia kuuliza ni kupanda mbegu hajawahi kufanya kazi hii. Akasema ndiyo, siku nyingi. Siku hiyo hiyo tulikaa sisi watatu, yeye, shangazi na mimi, tukapanga nani atalala naye chumba kimoja, nani atamtembeza, lini atamwona daktari. Alimwona daktari. Alikuja kwangu kila wiki, muhula mzima. Akaanza kula. Siku moja alinitania kwamba Kiswahili changu cha Kimeru kinaumiza masikio kuliko stethoskopu, nikafurahi kama niliyeshinda uchaguzi.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana hii dharau ninayowamwagia nyinyi nimeijaza kwanza kwenye kikombe changu.

Mradi ulitaka sherehe ya uwanjani. Mratibu wao, kijana mtanashati mwenye kitambulisho kinachoning'inia hadi kitovuni, alinijia ofisini. "Sista, tunahitaji mnufaika mmoja. Mwenye anaweza ongea mbele ya watu. Wakubwa wakikosa kuona matokeo, mradi unahama."

"Hawa ni wagonjwa," nikamwambia. "Si maonyesho ya kilimo."

"Lakini Sista, kazi yote ni yako. Wewe ndio bingwa wetu. Tutakutaja."

Hapo ndipo niliposikiliza. Nilipenda kusifiwa, sitaki kuwadanganya. Miaka yote ile nyuma ya chumba cha sindano, hakuna aliyewahi kunitaja ila kuniuliza ufunguo wa stoo. Nikamwandikia jina la Talaso kwenye orodha yake kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu nikamuuliza Talaso, jina lake likiwa limekwisha kuandikwa. Akatazama chini. Akasema, "Kama wewe unataka, Sista."

Mtu yeyote aliyelelewa hapa anajua maneno hayo. Mtoto wa heshima hamwambii mtu mzima hapana. Akikwambia kama wewe unataka, amekataa, na anakuomba umwokoe na aibu ya kukataa. Muuza maziwa angeelewa. Mimi mwenye cheti nilielewa kwamba amekubali, kwa sababu ndivyo ilivyonifaa.

Siku ya sherehe hema lilijaa. Mgeni wa heshima alichelewa, watoto wa shule wakakaa juani na sare zao, darasa zima la Talaso mstari wa mbele. Mfawidhi wa sherehe akashika kipaza sauti akanguruma, "Sasa tuko na mmoja wa wale walikuwa wagonjwa wa akili na leo amepona! Mpigieni makofi!"

Talaso akasimama. Alisema salaam aleikum, umati ukaitikia. Akasema, "Mimi nilikuwa naenda kwa Sista, kupimwa presha." Mahali fulani mstari wa mbele msichana akacheka, si kwa ubaya nadhani, ni kile kicheko cha kuogopa. Wengine wakafuata. Talaso akakiweka kipaza sauti juu ya kiti taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akashuka. Mfawidhi akasema tumpigie makofi tena. Nami, Mungu anisamehe, nilipiga.

Ndani ya wiki moja mji ulikuwa na tusi jipya. Kijana akikosa mpira uwanjani, wenzake humpigia kelele, "Enda upimwe presha!" Mlango wa nyuma ukanyamaza. Hakuna kijana aliyepita kwenye zile shuka muhula mzima. Nilibaki na wazee wenye presha ya kweli, ambao sikuwa nimewahi kuwapenda ipasavyo. Mradi uliandika ripoti, picha ya Talaso ikawa jaladani, na juu yake neno MAFANIKIO. Baadaye ukahama hata hivyo.

Shangazi alikuja peke yake. Kwa mara ya kwanza alipita mlango wa mbele, mbele ya foleni yote, hakuketi.

"Salaam aleikum, Sista."

Nikaitikia. Nikauliza habari ya Talaso.

"Shule amekataa. Nimemrudisha Kinna kwa ako yake," akasema, maana yake bibi yake. "Usiku nilikuwa nafunga mkono yake na yangu na leso, nisilale sana. Sista, mimi nilikuletea mtoto kwa mlango ya nyuma. Wewe ukamtoa kwa mlango ya mbele."

Akaenda. Sijawahi kusomewa ripoti ya kazi yangu iliyo fupi na sahihi kuliko ile.

Jioni hiyo nilikwenda Chechelesi kwa Mzee Halake nikamweleza yote. Nilitaka anifokee, kisha anipe pole. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alinimiminia chai, akasubiri nimalize kujihurumia. "Umeandika jina ya mtoto kwa karatasi ya watu," akasema. "Enda Kinna. Beba mashine."

"Nikampime?"

"Hapana. Beba tu."

Nilifika Kinna siku ya soko. Talaso alikuwa ameketi kando ya bibi yake nyuma ya mafungu ya nyanya na vitunguu. Alikuwa amekonda hadi dera lilimning'inia kama liko kwenye msumari. Nilikuwa nimetunga hotuba njiani, yenye utangulizi. Nilipofungua mdomo bibi akaniangalia mara moja, hotuba ikafa. Nikaketi juu ya kreti. Wanunuzi wakaja wakaenda. Nikauza hata nyanya mbili.

Mwishowe Talaso akautazama mfuko wangu. "Umekuja kunipima?"

"Hapana."

"Basi hiyo umebeba ya nini?"

Talaso akanyoosha mkono, akaitoa mashine. Akasema, "Leta mkono."

Akanifunga kitambaa, sawasawa, vidole viwili juu ya kiwiko, kama alivyoniona nikifanya wiki zote zile. Akatia stethoskopu masikioni. Akabonyeza mpira, akaachia hewa polepole, macho kwenye mshale. Hewa ikaisha. Hakuvua. Akabaki ameushika mkono wangu, anatazama mshale uliolala.

Nikasema, "Ulikataa, na mimi nilijua. Nilitaka watu wanitaje. Nimekukosea, Talaso, na naogopa utakufa kwa sababu yangu."

Sokoni watu waliendelea kugombania bei ya vitunguu. Bibi yake alikuwa anapanga nyanya zilizokwisha kupangwa. Talaso akavua vile vidude, kimoja, halafu kingine.

"Nimesikia," akasema. Kisha, "Presha yako iko juu sana, Sista. Punguza chumvi."

Nilirudi Kinna kila mwezi, kwa muda wangu mwenyewe, bila kusaini popote. Mara ya tatu alikubali kumwona daktari tena. Sitasema alipona, hilo neno nimewaachia wafawidhi. Ana miezi mizuri na miezi ya kulala na leso mkononi. Shule alimalizia mahali pengine. Mashine ya Mzee Halake nilimwachia, kwa sababu nilimkuta siku moja akimpima msichana jirani, na msichana akizungumza na mkono wake mwenyewe. Leo hupima watu kando ya biashara yake. Wazee huja asubuhi. Vijana huja jua likipungua, wanapitia nyuma. Wanaomzidi nguvu hunipigia simu, nami nawapeleka kwa daktari, na daktari hajui wametoka wapi.

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, na mratibu wenu mpya akanivuta pembeni. Alikuwa amesikia kuna dada fulani huko sokoni anafanya kazi nzuri sana na vijana. Wangependa kumtembelea, na kamera, wamjengee banda lenye maandishi. Akatoa kalamu. Akaniuliza anaitwa nani hasa.

Hii kumbukumbu mtaisoma nyote, na najua itafika kwa mratibu huyo pia. Kwa hiyo mjue kwamba haitwi Talaso, na soko lile si la Kinna. Vitunguu navyo msivitafute. Orodha yote iko kichwani mwangu, na kichwa nimestaafu nacho.